Kuchomoa Hafushafti Iliyokwama kwenye Datsun 1200 na Magari ya Rika Lake

Datsun 1200 ilianza kuuzwa mwaka 1970, ikafuatwa na 120Y mwaka 1973, na pikapu ya ukoo huohuo iliendelea kuundwa Japani hadi mwaka 1994. Kutoka Molo na Njoro, ambako pikapu hizi zimebeba viazi na mahindi kwa miongo mingi, hadi Kakamega na Busia, bado ziko nyingi barabarani, na nyingine zimesimama chini ya miti zikimngoja mwenye moyo wa kuzifufua. Jina la Datsun lina heshima yake nchini Kenya: lilishinda mashindano ya magari ya Safari Rally mwaka 1970, 1971 na 1973, kisha dereva Shekhar Mehta akalipeleka kileleni mara nne mfululizo, kuanzia mwaka 1979 hadi 1982. Anayefufua gari la namna hii ana haki ya kujivunia, lakini karibu kila mmoja hufika siku ambayo beringi ya gurudumu la nyuma inanguruma au mafuta ya difu, yaani sanduku la gia lililo kati ya magurudumu ya nyuma, yanalowesha breki, naye anagundua kwamba hafushafti haitoki.

Mwongozo huu unahusu kazi hiyo moja. Kwa hafushafti ninamaanisha ile shafti fupi inayotoka kwenye difu hadi kwenye gurudumu la nyuma, wala si propela ndefu inayotoka kwenye gia boksi. Maelezo yanafuata Datsun 1200, 120Y na pikapu yake, lakini mwenye Ford Escort ya zamani au Toyota Corolla ya miaka ya 1970 atakuta kwamba mpangilio wa gari lake unakaribiana sana na huu.

Kinachoishika shafti

Kabla ya kushika nyundo ni lazima uelewe ni kitu gani hasa kinachokataa kuachia, kwa sababu nguvu nyingi hupotezwa mahali pasipohusika. Upande wa ndani, hafushafti ina meno yanayoingia kwenye gia ya pembeni ya difu. Meno hayo huteleza tu, hayana kufuli, nayo huogelea ndani ya mafuta muda wote, kwa hiyo ni nadra sana kushikwa na kutu. Upande wa nje kuna beringi iliyopigwa presi kwenye shafti na kuzuiliwa na pete ya chuma iliyobanwa kwa nguvu. Beringi hiyo huketi ndani ya mdomo wa bomba la ekseli, na mbele yake kuna kishikio kinachofungwa kwa bolti nne pamoja na bati la breki, yaani lile bati la nyuma linaloshikilia viatu vya breki.

Bolti hizo zikishafunguliwa, kitu pekee kinachobaki ni ule msuguano kati ya ukingo wa nje wa beringi na kiti chake. Gari likiwa zima, shafti hutoka kwa kuvutwa mara mbili au tatu. Gari lililosimama miaka mingi, au lililopita kwenye maji ya mafuriko ya tambarare ya Kano likaegeshwa bila kukaguliwa, huwa limeingiza unyevu kupitia sili (pete laini inayozuia mafuta yasivuje) iliyochakaa. Kutu hujijenga katika ule mwanya mwembamba kati ya beringi na kiti, na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila, beringi hubanwa pande zote. Kwa hiyo kila hatua inayofuata, iwe ni mafuta ya kupenyeza, joto au kishindo, ielekezwe kwenye mwanya huo. Kuzungusha shafti kwa bomba refu, kuipiga kwa pembeni au kuchokonoa bati la breki kwa mtaimbo hakusogezi beringi hata kidogo, na ndiyo njia ya haraka zaidi ya kuharibu vitu vilivyokuwa vizima.

Hakikisha pia kwamba gari lako ni la aina hii. Land Rover za zamani zina ekseli ambayo uzito wa gari hubebwa na bomba lenyewe, na shafti yake hutoka kwa kufungua bolti sita zilizo usoni mwa habu (kitovu cha gurudumu) bila hata kutoa gurudumu. Saluni nyingi za Peugeot 504 zina magurudumu ya nyuma yanayojitegemea, na utaratibu wake ni tofauti kabisa, ingawa pikapu na ile ndefu ya familia zina ekseli nzima. Baadhi ya magari ya Marekani hufunga shafti kwa klipu ndogo iliyo ndani ya difu, na ukiivuta bila kuitoa klipu hiyo utavunja gia. Datsun tunayoizungumzia haina klipu hiyo.

Vifaa

Utahitaji jeki imara, stendi mbili za chuma, vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu ya mbele, soketi na spana za milimita, spana maalumu ya nati za paipu za breki ya milimita 10, nyundo ya kilo moja na nyingine nzito zaidi, brashi ya waya, chombo cha kukingia mafuta, miwani ya kinga na glavu. Mafuta ya kupenyeza yanauzwa kwa makopo katika maduka ya spea, lakini mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa asetoni na mafuta ya gia otomatiki hufanya kazi nzuri sana. Mchanganyiko huo unashika moto upesi, hujitenga ukikaa, na unapaswa kutikiswa kila unapotumiwa.

Kifaa muhimu kuliko vyote ni nyundo ya kuvuta. Ni fimbo ya chuma yenye bamba upande mmoja na kizuizi upande mwingine, na katikati yake kuna uzito unaoteleza; unausukuma uzito huo kwa kasi hadi ugonge kizuizi, na kishindo husafiri kwenye fimbo kuivuta shafti kwa mstari ulionyooka. Ukikosa ya kuazima, mafundi wa jua kali wa Nakuru au wa Kibuye mjini Kisumu wataitengeneza kwa mabaki ya chuma. Waeleze hivi: bamba la unene wa milimita 10, lenye matundu manne ya milimita 13 yaliyopangwa katika duara la kipenyo cha milimita 114.3, ambacho ndicho kipimo cha bolti za gurudumu za Datsun hizi. Fimbo ya duara ya milimita 20, yenye urefu wa sentimita 70 hivi, iliyochomelewa katikati kabisa ya bamba. Na uzito wa kilo nne au tano wenye tundu la kupita fimbo bila kubana. Kizuizi cha mwisho kichomelewe kwa mshono kamili wa duara, si kwa nukta mbili tatu, maana kikiruka, uzito wote utakuja kifuani kwako. Usitengenezewe uzito wa kilo moja au mbili kwa kutaka wepesi, kwani huo hutoa kelele tu.

Kuinua gari

Chagua sakafu ya saruji. Udongo mwekundu wa Magharibi, ukiwa umenyeshewa, hauwezi kuaminiwa chini ya stendi. Kama huna sakafu, tandika mbao nene na pana. Legeza nati za gurudumu gari likiwa bado chini, zuia magurudumu ya mbele kwa mbele na kwa nyuma, weka gia, kisha inua. Breki ya mkono usiifunge, kwa sababu itashikilia dramu ya breki unayotaka kuitoa.

Stendi ziwekwe chini ya bomba la ekseli, karibu na mahali springi zinapofungwa, kila upande moja. Wengi huziweka chini ya chesisi kwa mazoea. Katika kazi hii jambo hilo lina hasara: ekseli ikining'inia kwenye springi hucheza kila unapoipiga, na sehemu ya kishindo ulichokikusudia kwa beringi huishia kwenye springi. Ekseli ikiwa imeketi juu ya chuma, kishindo chote hufika. Upande unaofanyia kazi uwe juu kidogo kuliko mwingine ili mafuta ya difu yasimwagike shafti itakapotoka. Mafuta yakiwa ya zamani, ni afadhali kuyamwaga yote sasa, kwa kuwa utayabadilisha kwa vyovyote. Likishakaa juu ya stendi, lisukume gari kwa nguvu kutoka pembeni. Likitikisika, shusha na uanze upya.

Dramu

Dramu za Datsun hushikwa na bolti za gurudumu na kutu ya katikati. Rudisha nyuma kirekebishi cha breki ili viatu vya breki vijikunje, kisha gonga uso wa dramu kati ya bolti kwa nyundo, ukizunguka. Dramu nyingi za Kijapani zina matundu mawili yenye nyuzi za bolti za milimita 8. Ingiza bolti mbili humo na uzikaze kwa zamu, robo mzunguko kila upande, nazo zitaisukuma dramu nje. Usipige ukingo wa dramu kwa nyundo nzito, kwani ni chuma cha kalibu na hupasuka.

Vumbi lililo ndani ya dramu la gari la miaka ya 1970 linaweza kuwa na asbesto. Usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lilowanishe kwa maji yenye sabuni, ulifute kwa kitambaa, na kitambaa hicho ukifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla ya kukitupa. Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu katika gereji zetu vijana wanaojifunza kazi ndio wanaopewa kazi ya kupuliza dramu, na madhara ya asbesto kwenye mapafu huonekana baada ya miaka mingi, wakati hakuna tena anayekumbuka yalianzia wapi.

Paipu, kebo na bolti nne

Safisha sehemu ya nyuma ya bati la breki kwa brashi ya waya hadi uone nati nne zinazolishika kwenye mdomo wa ekseli. Zipake mafuta ya kupenyeza na uziache usiku kucha. Saa kumi na mbili za kungoja zinaokoa bolti kuliko bomba refu la kuongezea nguvu. Wakati huohuo paka nati ya paipu ya breki. Asubuhi, ifungue kwa ile spana maalumu inayoikumbatia pande zote, kwa maana spana ya kawaida huiviringisha pembe zake ikabaki duara. Ziba mdomo wa paipu kwa kifuniko cha mpira ili uchafu usiingie na mafuta ya breki yasichuruzike; mafuta hayo hula rangi ya gari. Fungua pia kebo ya breki ya mkono, ili bati liwe huru kutoka pamoja na shafti ikibidi.

Sasa fungua nati nne. Ikiwa kuna shimu (vibati vyembamba vya kujazia nafasi) au gasketi kati ya bati na ekseli, ziweke kando kwa mpangilio uliozikuta, kwa kuwa ndizo zinazoamua nafasi ya beringi. Weka alama ya upande kwenye shafti, kushoto au kulia.

Bolti zikiwa zimetoka, nyunyiza mafuta ya kupenyeza kwenye mstari mwembamba ambapo kishikio kinakutana na mdomo wa ekseli. Kisha gonga mdomo wa ekseli kutoka nje, ukizunguka duara lote, kwa mapigo mepesi na ya haraka ya nyundo ndogo. Mapigo haya hayakusudiwi kusogeza kitu. Mtikisiko wake huivunja kutu vipande vidogo na kuyafungulia mafuta njia. Rudia asubuhi na jioni, na kama huna haraka, fanya hivyo kwa siku mbili.

Kuvuta

Funga bamba la nyundo ya kuvuta kwenye bolti za gurudumu kwa nati zote nne, na uzikaze barabara, kwa sababu bamba lililolegea hula nyuzi. Simama ukiwa umenyooka na fimbo, mguu mmoja mbele, na uhakikishe kwamba hakuna mtu nyuma yako. Sukuma uzito hadi karibu na bamba, kisha uvute kwa nguvu moja hadi ugonge kizuizi. Weka vidole mbali na kizuizi. Shika uzito wenyewe, katikati.

Piga mapigo kumi, pumzika, zungusha shafti robo mzunguko, piga tena kumi. Kuzungusha hakulegezi ukingo wa nje wa beringi, lakini kunagawanya nguvu kwenye gololi zote badala ya zilezile. Baada ya kila awamu, angalia ule mwanya kati ya kishikio na mdomo wa ekseli. Mwanya wa unene wa karatasi ni habari njema kabisa: maana yake kutu imekatika, na sasa unaweza kunyunyiza mafuta moja kwa moja mahali panapohitaji. Ikiwa shafti imesogea milimita moja au mbili kisha ikagoma, irudishe ndani kwa kuigonga kwenye kitovu cha uso wake kwa nyundo ya mpira au kwa kipande cha mbao ngumu, halafu uivute tena. Mwendo huu wa kwenda na kurudi husaga kutu na kuitoa nje ikiwa uji mwekundu, na ukiona uji huo unatoka, endelea hivyohivyo bila kuongeza nguvu.

Asiye na nyundo ya kuvuta anaweza kutumia ringi ya chuma yenye tairi lake. Ifunge kwenye bolti, lakini acha nafasi ya sentimita moja hivi kati ya ringi na uso wa shafti, nati zikiwa zimeshika nyuzi kwa unene wao wote. Shika tairi kwa mikono miwili, lisukume ndani, kisha livute nje kwa ghafla ili ringi igonge nati zote kwa pamoja. Tumia nati za zamani na ringi usiyoithamini. Mafundi wengine hugeuza dramu na kuitumia kwa njia hiyohiyo; mimi siishauri, kwani dramu ya Datsun ya 1200 haipatikani kirahisi siku hizi, na kuipasua kwa ajili ya kutoa shafti ni hasara mbili.

Ipo njia ya tatu ya kusukuma kwa bolti: bolti mbili ndefu huwekwa kati ya uso wa shafti na mdomo wa ekseli, zikitazamana, kisha nati zake hufunguliwa taratibu ili zirefuke na kusukuma. Ni njia yenye nguvu, na hatari yake imo katika nguvu hiyo. Bolti zikiegemea bati la breki badala ya chuma kinene cha mdomo wa ekseli, bati litapinda. Upande mmoja ukitangulia, uso wa shafti utapinda, na gurudumu litayumba milele. Itumie tu kama kisaidizi: kaza kiasi cha kuweka mvutano, kisha piga mdomo wa ekseli kwa nyundo, na uachie mtikisiko ufanye kazi.

Shafti isipotoka, ongeza joto

Ukiwa umepiga awamu nyingi bila kuona mwanya wowote, usiongeze uzito wa nyundo. Ongeza joto. Hesabu yake inatia moyo: chuma hurefuka kwa takribani sehemu 12 za milioni kwa kila digrii moja ya Selsiasi, kwa hiyo kiti cha beringi chenye kipenyo cha milimita 62, kikipashwa moto kwa digrii 100, hutanuka kwa takribani milimita 0.07. Kwa beringi iliyobana, huo ni mwanya mkubwa.

Lakini faida hiyo ipo tu ikiwa mdomo wa ekseli umepata joto kabla beringi haijalipata, kwa sababu beringi nayo hutanuka. Hivyo unataka moto mkali wa muda mfupi, ukizungushwa upande wa nje wa mdomo wa ekseli bila kutua mahali pamoja, si moto mdogo wa nusu saa. Tochi ya gesi ya kupikia yenye mdomo mpana inatosha; moto wa kukatia chuma hauhitajiki na utaunguza. Dondosha tone la maji: likichemka na kutoweka mara moja, joto limefika. Chuma kikianza kubadilika rangi, umepita kiasi. Hapohapo weka tochi kando na uvute.

Kabla ya kuwasha chochote, tekeleza haya yote. Tangi la petroli la magari haya liko sehemu ya nyuma, kwa hiyo hakikisha hakuna uvujaji wala harufu ya petroli, na ukiona dalili yoyote, toa tangi au uache njia hii kabisa. Ondoa viatu vya breki na silinda ya gurudumu iliyo karibu na moto. Fungua nati ya kujazia mafuta ya difu, kwa kuwa tundu la kupumulia la ekseli ya zamani mara nyingi limezibwa na matope, na hewa iliyofungiwa ikipata joto hutafuta pa kutokea. Futa mafuta yote ya kupenyeza yaliyo juu juu. Usipashe moto sehemu iliyonyunyiziwa kisafishia breki, kwa maana baadhi ya aina zake zina klorini na moto huzigeuza kuwa gesi ya sumu kali. Weka kizimamoto na ndoo ya mchanga karibu, na awepo mtu wa pili.

Isipotoka mara ya kwanza, acha ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, kwani chuma kinachopozwa ghafla huweza kupinda au kupasuka. Inapofikia kiwango cha kuguswa kwa mkono, nyunyiza mafuta ya kupenyeza tena: chuma kinapojikunja huyavuta ndani. Zamu mbili au tatu za joto, kupoa na kuvuta hushinda sehemu kubwa ya shafti zilizokwama.

Vitu viwili vinavyoweza kuharibika

Wakati mwingine shafti hutoka ghafla ikiwa na nusu tu ya beringi, gololi zikimwagika sakafuni, na ukingo wa nje ukabaki ndani ya kiti. Okota gololi zote na uzihesabu dhidi ya nafasi zilizopo kwenye kizimba chake, kwa sababu moja ikiingia kwenye difu itavunja meno ya gia. Ukingo uliobaki hutolewa na fundi wa kulehemu: huchomelea mshono mmoja kuzunguka uso wake wa ndani, na mshono huo unapopoa hujikunja na kuupunguza ukingo kiasi kwamba hutoka kwa mtaimbo mdogo, mara nyingine kwa vidole. Betri iondolewe waya kabla ya kulehemu, na waya wa ardhini wa mashine ufungwe kwenye ekseli yenyewe, karibu na kazi, ili umeme usipite kwenye beringi za difu.

La pili ni shafti kukatika, au kukutwa tayari imekatika karibu na meno. Kipande cha ndani hakitoki kwa kuvuta. Katika Datsun hii, kiini cha difu hufunguliwa kutoka mbele: toa propela, toa pia shafti ya upande wa pili, fungua nati zinazouzunguka uso wa difu, na ukivute kiini chote nje. Kipande kitatoka kwenye gia ya pembeni kwa mkono. Kusanya chembe zote za chuma zilizo chini ya bomba kwa sumaku.

Beringi na pete mpya

Shafti ikiwa mezani, ikague kabla ya kununua chochote. Tazama meno kwa mstari: yakiwa yamejipinda kama uzi wa skrubu, hata kidogo, shafti imechoka na itakatika. Pitisha ukucha mahali mdomo wa sili unapogusa. Ukisikia mfereji, sili mpya itavuja vilevile.

Pete ya kubana hutolewa kwa kutobolewa na drili sehemu kubwa ya unene wake, bila kufika kwenye shafti, kisha kupasuliwa kwa tindo. Usikubali ikatwe kwa gesi. Nimeona shafti nyingi zilizokatwa pete kwa gesi, na karibu kila moja ina jeraha au rangi ya buluu mahali pale pale panapobeba uzito wa gari. Beringi ya zamani hutolewa kwa presi.

Wakati wa kurudisha, panga kwanza kishikio, kisha beringi, kisha pete. Mtu akisahau kishikio, pete mpya itabidi ipasuliwe. Beringi isukumwe kwa kuegemea ukingo wake wa ndani pekee. Nguvu ikipita kwenye gololi, beringi imeharibika kabla ya kuzunguka. Beringi na pete zipigwe presi kila moja peke yake, si kwa pamoja. Pete iwe mpya daima, nayo inapaswa kuingia kwa ukinzani mkubwa. Ikiteleza kirahisi, ikataeni, wewe na fundi wa presi, kwa sababu pete hiyo ndiyo kitu pekee kinachozuia gurudumu na shafti yake visitoke pamoja ukiwa kwenye kona za mteremko wa Mau Summit kuelekea Kericho.

Kurudisha

Safisha kiti kwa msasa laini, ukizunguka, hadi kutu iishe na chuma kionekane, usikipanue. Badilisha sili, na upake mdomo wake grisi. Paka utando mwembamba wa grisi kwenye kiti na kwenye ukingo wa nje wa beringi, ili atakayekuja kuitoa baadaye asikutane na kazi hii. Ingiza shafti ukiwa umeiinua kwa mkono ili meno yasikwaruze mdomo wa sili, izungushe taratibu hadi meno yapatane na gia, kisha isukume. Kaza nati nne kwa msalaba.

Rudisha viatu, kebo, paipu na dramu. Toa hewa kwenye breki za nyuma hadi kanyagio liwe gumu. Difu ijazwe mafuta ya gia namba 90 ya daraja la GL-5, gari likiwa limelala sawa, hadi yaanze kutoka kwenye tundu la kujazia. Safisha na lile tundu la kupumulia, kwa kuwa likibaki limezibwa, hewa yenye joto itayasukuma mafuta kupitia sili mpya. Nati za gurudumu zikazwe kwa niutoni-mita 80 hadi 90.

Endesha kilomita kumi kwa mwendo wa wastani, kwa mfano kutoka mjini Nakuru kuelekea Njoro bila kufika, simama, na uguse katikati ya magurudumu yote mawili ya nyuma. Yakilingana kwa uvuguvugu, ni sawa. Upande mmoja ukiwa wa moto zaidi, chunguza kwanza kama viatu vya breki vinaburuza kabla ya kuilaumu beringi. Tazama ndani ya ringi kama kuna mstari wa mafuta. Baada ya kilomita 100 kaza tena nati za gurudumu, na uzikague zile nne za bati la breki.

Upande wa pili wa gari umekaa mvua ileile na miaka ileile. Hata kama haungurumi bado, panga kuutoa mapema, wakati nyundo ya kuvuta bado iko mikononi mwako.